Kipande Kisichopigwa Dawa

Sehemu ya kumi na mbili

Wiki nzima, msomaji wangu, tumemwacha mama wa watu na kalamu hewani. Mkono utakuwa umeshakufa ganzi. Hebu tumshushe.

Ilikuwa saa tatu kasoro robo asubuhi, chumba namba kumi na saba, ghorofa ya pili, katika ofisi ya serikali inayopitisha dawa za mimea. Bi Kesho, mkaguzi wa usalama, alikuwa amefungua ukurasa wa mwisho wa faili lenye kurasa mia sita na kumi na mbili. Alikwisha kuandika herufi ya kwanza ya jina lake. Simu ikalia. Mdogo wake, mkulima wa nyanya, akasema maneno mawili tu.

"Dada, usisaini."

Simu ikakatika.

Mdogo wake yule yule! Aliyemganda miezi minane kama kupe: dada, dawa itapita lini, dada, nyanya zinaoza, dada, mnasubiri tufe ndipo mpige muhuri? Leo ndiye anayesema usisaini.

Bi Kesho akampigia. Hapatikani. Akapiga tena. Yule mwanamke wa kwenye simu, asiyechoka wala kukasirika, akamwambia ajaribu baadaye.

"Hiyo baadaye niitoe wapi?" Bi Kesho akamjibu, kisha akaona haya kwa kugombana na mashine.

Kama ndiyo kwanza unajiunga nasi, usijali, hujachelewa sana. Jina la Bi Kesho hakupewa na mama yake. Alipewa na waombaji wa vibali, kwa kuwa kila aliyekuja kuulizia faili lake aliambiwa "njoo kesho". Hakuwa mvivu. Wakaguzi walikuwa sita. Watatu wakastaafu, mmoja akafariki, mmoja akaenda masomoni, akaolewa huko huko. Kazi ya watu sita ikabaki mezani kwa mtu mmoja, naye amebakiza miezi mitatu arudishe funguo. Kesho ndiyo siku pekee iliyokuwa na nafasi.

Karani akaingia bila kubisha.

"Mama, Mkurugenzi anauliza faili. Ukumbi umejaa. Wakulima wapo, Mtafiti wa dawa yupo, waandishi wa habari wapo. Saa tatu na nusu anatangaza."

"Anatangaza nini?"

"Kwamba dawa imepita."

"Kabla sijasaini?"

"Ndiyo maana anauliza faili, mama."

Simu ya mezani ikalia. Alikuwa mlinzi wa getini.

"Mama, kuna mtu hapa hana kitambulisho. Buti zimejaa tope, anatetemeka, anasema ni mdogo wako wa tumbo moja. Nimfukuze?"

"Ana kovu kidevuni?"

"Ngoja nimwangalie. Analo."

"Usimfukuze. Nakuja."

Lifti ya jengo lile iliharibika mwaka juzi, na barua ya kuomba fundi ilikuwa bado inasubiri saini. Bi Kesho akashuka ngazi moja moja, mkono ukutani, faili kwapani. Magoti yalimuuma. Kwa kweli kila kitu kilimuuma, lakini magoti ndiyo yaliyokuwa yanasema.

Mdogo wake alikuwa kwenye benchi la wageni, kofia mikononi. Alipomwona akasimama, akakaa, akasimama tena.

"Simu imezima chaji, dada. Shikamoo."

"Marahaba. Sema haraka, wananisubiri."

"Umesaini?"

"Herufi moja."

"Alhamdulillahi," akasema, akakaa kama mtu aliyekatwa miguu. "Dada, shamba namba nne ni langu."

Bi Kesho akamtazama. Katika faili lile dawa ilijaribiwa kwenye mashamba manne. Majina ya wakulima hufichwa kwenye bahasha iliyogundishwa, ili mkaguzi asijue anamkagua nani. Yeye aliona namba tu. Namba nne ndilo lililokuwa na takwimu safi kuliko yote, akalisifu kwa mwandiko wake mwenyewe pembeni mwa ukurasa: *kazi nzuri*.

"Lako?"

"Walitusainisha karatasi tusimwambie mtu, na hasa mtu wa ofisini. Nikanyamaza. Nilidhani nakusaidia."

"Na simu zote zile za kuniuliza dawa itapita lini?"

"Hizo nilikuwa nauliza kama mkulima."

Bi Kesho akafumba macho. Ndugu kwenye jaribio! Hilo peke yake lingetosha kumtoa kazini bila keki ya kumuaga. Lakini sura ya mdogo wake ilionyesha kwamba huo ulikuwa mkia tu, ng'ombe bado yuko zizini.

"Endelea."

"Si unajua shamba lilikatwa vipande viwili? Kimoja cha kupiga dawa, kingine kisipigwe kitu."

"Najua. Mimi ndiye niliyeandika mwongozo."

"Kile cha pili..." Akaizungusha kofia. "Nilikipiga."

"Ulikipiga nini?"

"Dawa."

"Dawa gani?"

"Hiyo hiyo."

"Mara moja?"

"Kila nilipopiga cha kwanza."

Mlinzi aliyekuwa anajifanya anaandika kwenye daftari la wageni akaacha kuandika.

"Kwa nini?" Bi Kesho akauliza. Sauti ilimtoka ndogo, ya mtu anayejua jibu.

"Unaniuliza kwa nini, dada? Wewe hukulia shambani? Nyanya zinaoza mbele ya macho yangu. Bomba liko mgongoni, dawa imebaki ndani, na kutoka kipande hiki mpaka kile ni hatua tatu. Mke wangu amesimama pale ananitazama. Nimwambie serikali imeniagiza nizisindikize tu zikifa?"

Bi Kesho akalibana faili kwapani. Alimpenda mdogo wake, na wakati ule alitamani kumzaba kofi. Vyote viwili vilimjaa kifuani kwa pamoja.

"Jana Mtafiti alikuja kutuaga," mdogo mtu akaendelea. "Akatueleza kile kipande kilikuwa cha kazi gani. Miezi yote hiyo hakuna aliyetueleza, dada! Tuliambiwa tu msipige, msipige. Nikadhani ni ubahili wa dawa. Alipoeleza, chakula kikanishinda."

"Alieleza vipi?"

"Kwa maneno ya shule. Nilielewa nusu, lakini nusu hiyo ilinitosha."

"Nikupe nusu ya pili. Ukipima unga ndani ya ndoo, unafanyaje?"

"Napima ndoo tupu kwanza. Halafu naitoa."

"Eh. Nyanya yenyewe, hata isipopigwa kitu, ina vitu vyake vinavyofanana kidogo na dawa hii, maana dawa nayo imetoka kwenye mmea. Kwa hiyo maabara hupima nyanya isiyopigwa dawa. Hiyo ndiyo ndoo tupu. Halafu hupima iliyopigwa, wakatoa ile ya kwanza. Kinachobaki ndicho dawa iliyomo ndani ya nyanya ambayo mtoto wa mtu ataila. Sasa wewe umewapa ndoo iliyojaa unga, ukawaambia ni tupu."

Mdogo mtu akahesabu kimoyomoyo. Midomo ilicheza.

"Wakitoa, inabaki sifuri."

"Inabaki sifuri."

"Kwa hiyo nyanya zina sumu?"

"Sijui."

"Si ni mizizi tu, dada? Wenyewe wanasema ni ya asili, haina kemikali."

"Kuna mihogo nayo ni mizizi tu, ukiila mibichi unazikwa."

Nje gari la mkutano lilikuwa linashusha vipaza sauti.

"Ukisema," mdogo mtu akauliza, "itakuwaje?"

"Jaribio litarudiwa. Misimu miwili."

"Misimu miwili!" Akaruka kutoka kwenye benchi. "Dada, misimu miwili sisi tumekwisha! Ile dawa ya zamani ukungu umeshaizoea, tunaupigia maji tu. Watu wameng'oa nyanya wamepanda majuto. Wakijua mimi ndiye niliyezuia dawa, nitaishi wapi?"

"Hukulifikiria hilo uliponipigia?"

"Nilidhani una njia! Wewe ni mtu wa ofisini, nikadhani utafuta kamstari kamoja uendelee." Akashusha sauti. "Na wewe itakuwaje?"

"Mimi? Miaka thelathini na moja ya kazi. Watu watakumbuka kwamba nilikagua jaribio la mdogo wangu nikaliandikia kazi nzuri."

Mdogo mtu akamshika mkono.

"Basi saini."

"Nini?"

"Saini, dada. Sijaja hapa. Hujaniona. Mlinzi huyu ni mtu mzima, anajua kunyamaza."

Mlinzi akainamia daftari lake kwa bidii kubwa.

"Dakika kumi zilizopita umenishika mkono nisisaini," Bi Kesho akasema, "sasa unanishika nisaini. Mkono wenyewe ni mmoja."

Angeweza, msomaji. Usidhani hakufikiri. Zilibaki herufi tano tu. Baada ya hapo miezi mitatu, barua ya shukrani, kiti kibarazani, na asubuhi ambazo hakuna mtu anayembishia mlango. Alichoka mpaka kwenye mifupa, na mtu aliyechoka hivyo huona kila mlango ulio wazi kuwa ni kitanda.

Akaitoa mikono ya mdogo wake taratibu.

"Kaa hapa. Usiondoke. Na unywe maji, midomo imekukauka."

*

Ukumbi ulikuwa umejaa. Wakulima walikaa upande wa kushoto na kofia zao magotini. Mbele yao alikaa Mwenyekiti wa wakulima, mzee mwenye sauti ya kuitia ng'ombe mlima wa pili. Mtafiti aliyeigundua dawa, mwanamume wa miaka hamsini na kitu mwenye koti lililopwaya, alikaa peke yake pembeni. Mkurugenzi, kijana mtanashati mwenye maneno laini, alikuwa tayari amesimama kwenye kipaza sauti.

"Na huyu hapa mama yetu," akasema, "ametuletea habari njema. Mama, karibu."

Makofi. Bi Kesho akafika mbele akiwa anahema, akaliweka faili mezani.

"Sijasaini," akasema.

Makofi yakafa.

"Na sitasaini. Katika shamba namba nne, kipande kilichotakiwa kisipigwe dawa kilipigwa. Takwimu zake hazifai. Mkulima wa shamba hilo ni mdogo wangu wa damu. Nimejua dakika ishirini zilizopita, na ninyi mmejua sasa."

Uliwahi kupiga mzinga wa nyuki kwa fimbo? Mwenyekiti wa wakulima alikuwa wa kwanza kunyanyuka.

"Nilisema! Nilisema hawa wanatumwa na wenye viwanda vya dawa za zamani! Miezi minane njoo kesho, njoo kesho, leo kesho imefika anatuletea ndugu yake!"

"Mzee wangu, tulia," Mkurugenzi akasema. Akakifunika kipaza sauti kwa kiganja, akamwinamia Bi Kesho. Tabasamu lilibaki usoni kwa ajili ya kamera.

"Mama, unaniua."

"Pole, mwanangu."

"Kanuni inataka mashamba mangapi?"

"Matatu."

"Tunayo manne. Namba nne tunalitupa. Yanabaki mangapi?"

Bi Kesho akalitazama faili.

"Matatu," Mkurugenzi akajijibu. "Wewe umejitoa kwa sababu ya undugu, umefanya vizuri, umesema mbele ya watu. Mkaguzi akijitoa, nani anasaini?"

"Mkurugenzi."

"Mimi. Nenda kakae, mama. Umechoka. Kila mtu anaona umechoka."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililouma. Bi Kesho akasikia mabega yakishuka yenyewe. Hakuna atakayeaibika. Mdogo wake atasamehewa, dawa itapita, na saini haitakuwa yake. Alifurahi, tusimsingizie. Alifurahi sana. Akavuta kiti.

Mkurugenzi akatoa kalamu yake ya kuchongwa. "Nitolee tu zile karatasi za namba nne," akamwambia.

Bi Kesho akaanza kuzitoa. Takwimu za mdogo wake, ramani ya mdogo wake, picha za mdogo wake. Katika kila shamba zilipigwa picha mbili siku ya mavuno, kipande cha dawa na kipande kisichopigwa. Miezi minane alizipita picha hizo mbio, kwa sababu picha hazina namba, na yeye alikuwa akifukuzana na namba.

Sasa hakuwa na haraka. Kazi si yake tena. Akazitazama kama mtu anavyotazama dirishani.

Kipande kisichopigwa, shamba namba nne: majani ya kijani, nyanya zimejaa.

Akafunua. Kipande kisichopigwa, shamba namba tatu: majani ya kijani.

Akafunua tena. Namba mbili. Kijani.

Namba moja. Kijani kibichi, nyanya nyekundu zinacheka.

Msimu ule, msomaji, ukungu haukuacha hata nyanya zilizojiotea jalalani. Nyanya isiyopigwa dawa iliukwepa kwa uganga gani?

Kiti kikalia alipokisukuma nyuma. Mkurugenzi alikuwa ameshaweka kalamu kwenye karatasi.

"Subiri," Bi Kesho akasema.

"Mama, umejitoa."

"Nimejitoa kusaini. Sikujitoa kuuliza." Akakigeukia kile kipaza sauti, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile sauti yake ikajaa ukumbi. "Wakulima wa majaribio, najua mmekatazwa kujitaja, lakini hapa tumeshafika pabaya. Siulizi nani kakosea. Nauliza kitu kimoja. Aliyekiacha kile kipande cha pili kioze, anyooshe mkono."

Hakuna mkono ulionyooka.

Mtu mmoja akakohoa. Mwingine akaitazama kofia yake kana kwamba jibu limeshonwa ndani. Mkulima wa safu ya pili akamtazama Mwenyekiti.

"Mzee wangu," Bi Kesho akasema kwa upole, "na wewe ulikuwa na shamba?"

Ile sauti ya kuitia ng'ombe ikatoka kama ya mgonjwa. "Namba mbili, mama. Sasa ningefanyaje? Nyanya ni kama mtoto. Utamtibu huyu, mwenzake umwache anakutazama?"

Hakuna aliyecheka. Bi Kesho naye hakuweza kumkasirikia. Hakukuwa na mwizi mle ndani wala mwongo. Kulikuwa na wakulima tu, na watu wa ofisini waliodhani mkulima ataweza kukaa mikono mifukoni huku shamba linakufa. Miongoni mwa waliodhani hivyo, aliyeandika mwongozo alikuwa yeye.

Mkurugenzi akaifunika kalamu yake.

"Kwa hiyo," akasema, na tabasamu sasa lilikuwa limeshamdondoka, "hakuna hata shamba moja. Hatujui chochote kuhusu dawa hii. Miezi minane, na hatujui chochote."

"Tunajua."

Alikuwa Mtafiti. Hakunyanyua sauti. Alisimama pole pole, mkono mmoja kwenye mgongo wa kiti, kama mtu aliyekuwa anangoja basi ambalo hakutaka lije.

"Kuna shamba la tano," akasema.

"La tano liko wapi?" Mkurugenzi akang'aka. "Kwenye faili yapo manne!"

"Lilichelewa. Mwenye shamba alikuwa mjane mmoja, mtu wa kufuata maneno. Aliambiwa asipige, hakupiga. Kipande kikaoza chote. Tulihangaika wiki tatu tukitafuta hata nyanya kumi nzima za kupeleka maabara. Majibu yalipotoka faili lilikuwa limeshaletwa hapa, nikayaleta baadaye, kwa mkono wangu, kwenye bahasha ya kahawia."

"Sijaiona bahasha hiyo," Bi Kesho akasema.

Mtafiti akamtazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomtisha.

"Miezi minane nilisubiri uniulize, dada. Kila nilipokuja uliniambia njoo kesho. Nikajisemea, amesoma, ameona halina neno. Nikajilazimisha kuamini hivyo, maana dawa hii ni miaka kumi na tisa ya maisha yangu, nami nilitaka ipite."

Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa karatasi mbili zilizokunjwa. Ya juu ilikuwa nakala ya hati ya kupokelea bahasha ile, ina muhuri wa ofisi, na chini ya muhuri pana saini.

Bi Kesho hakuhitaji miwani. Ilikuwa ile saini yake ya jioni, isiyo na mkia, anayoitia juu ya rundo la mwisho huku mkono mwingine unatafuta mkoba.

Alipokea. Akaweka mahali. Akaenda nyumbani kulala.

Ukumbi mzima ulikuwa unamtazama. Nyuma kabisa, mlangoni, alikuwa amesimama mdogo wake na kikombe cha maji mkononi, amekiuka agizo kama kawaida yake.

"Na mabaki ya dawa," Bi Kesho akauliza, "kwenye nyanya za huyo mjane... yalikuwa kiasi gani?"

Mtafiti akaivuta ile karatasi ya chini, ya majibu ya maabara, akaikunjua, akaisukuma juu ya meza mpaka ikagusa vidole vya Bi Kesho.